Ziwa Kivu: mashua ya chini bapa ao ya tumbo la V? Mahesabu ya kufanya kabla ya kununua

Kwa mchuuzi wa Idjwi ao wa Minova anayetafuta mashua ndogo ya moteri, chaguo mara nyingi ni kati ya mbili: ile ya mita 5 yenye chini bapa na moteri ya farasi 15, ao ile ya mita 6 yenye tumbo la V na moteri ya farasi 40.

Kwa upande wa feza, ndogo inashinda. Chini bapa haidai nguvu nyingi ili kuteleza juu ya maji, haiyumbi sana wakati wa kupakia magunia, na inafika hadi mchangani pasipo gati. Moteri ya mipigo minne ya farasi 15, ikikimbizwa hadi mwisho, inakula karibu lita 6 za esanse kwa saa. Ya farasi 40 inakula karibu lita 15.

Mambo yanageuka katikati ya ziwa, hasa wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini unapoinua mawimbi. Chini bapa inagonga kila wimbi, mizigo inalowa, na dereva analazimika kupunguza mwendo. Tumbo la V linakata wimbi. Lakini linadai moteri yenye nguvu, na hapo kuna mtego: Ziwa Kivu liko karibu mita 1.460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri ya kawaida inapoteza karibu 15% ya nguvu zake. Farasi 40 zinabaki 34. Farasi 15 hazifiki 13. Kwa hiyo kufunga moteri ndogo kwenye mashua kubwa ili kuokoa feza ni kosa: ikijaa, itajikokota tu majini.

Je, itabeba watu wangapi? Marekani, kwa mashua zisizozidi futi 20, hutumia hesabu rahisi: urefu mara upana kwa mita, kisha kugawanya kwa 1,4. Mashua ya mita 5 kwa 1,7 inabeba watu 6. Ya mita 6 kwa 2,1 inabeba 9. Hayo ni kwa maji matulivu, na gunia zito lihesabiwe kama mtu.

Tofauti ni watu 3 tu. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova, kubwa kuliko hizi zote mbili kwa mbali, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa.

Basi anayevuka hadi Goma ao Bukavu achukue tumbo la V, na bei ya jile moja kwa kila abiria iingie katika hesabu tangu mwanzo. Kama feza hazitoshi kwa mashua, moteri na jile pamoja, ile ndogo inafaa, mradi isiache kandokando ya ziwa.