Algoriti na Kidahizo

Neno algoriti limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni mfuatano wa hatua bayana, zenye kikomo, za kutatua tatizo fulani.

Mwanafunzi wa hisabati ya kompyuta hufundishwa mapema utafutaji wa nusu kwa nusu. Kamusi yenye vidahizo 20,000 vilivyopangwa kialfabeti hufunguliwa katikati. Neno linalotafutwa hulinganishwa na kidahizo kilichopo hapo. Nusu isiyohusika huachwa, na hatua hizo hurudiwa. Milinganisho isiyozidi 15 hutosha. Vidahizo vikifika 40,000, huongezeka mlinganisho mmoja tu.

Hata hivyo, kasi hiyo haimfai anayetafuta “vitabu”, kwani kidahizo ni “kitabu”. Hapana budi iongezwe kanuni ya kugeuza vi- kuwa ki-. Lakini kanuni hiyo ikitangulia, “vita” hugeuzwa “kita”, kitenzi chenye maana ya kusimama imara. Kwa hiyo neno litafutwe kwanza kama lilivyo; kiambishi kigeuzwe pale tu linapokosekana. “Vyakula” nalo hudai kanuni yake, vy- kuwa ch-.

Mwanahisabati huweza kuhesabu hatua. Namna ya kuzipanga huhitaji ujuzi wa ngeli. Idara za Kiswahili zisipowafundisha wanafunzi wao algoriti, mpangilio huo utaamuliwa na wasioijua sarufi ya lugha hii.