Homeostasisi: msawazo usiotulia

Mtu anayesukuma chukudu yenye magunia ya viazi akipanda mlima karibu na Goma anafanya kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza tunaiona: anasukuma mzigo. Ya pili haionekani: mwili wake unalinda hali yake ya ndani isiharibiwe na kazi ile ya kwanza. Wanabiolojia huiita homeostasisi.

Jina hilo linatuhusu sisi wa lugha. Katika karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard alieleza kwamba seli zetu huishi katika "mazingira ya ndani" ambayo mwili huyahifadhi. Mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon aliunda neno kutoka Kigiriki: homoios, yaani "inayofanana", na stasis, yaani "hali". Hakuchagua homos, "ileile". Hapo ndipo penye ufunguo: mwili haugandi mahali pamoja, bali hubadilika ndani ya mipaka.

Tuanze na joto. Kati ya nishati ambayo misuli hutumia, takriban robo tu hugeuka kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto. Lisipotolewa, nyuzi 37 za kawaida zingepanda hadi kiwango cha hatari. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo, hupokea habari kutoka kwenye damu na ngozi, kisha huamuru mishipa ya ngozi itanuke na jasho litoke. Kinachopoza mwili ni kukauka kwa jasho. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hudondoka tu, na joto hubaki ndani.

Wakati huohuo misuli humwaga kabonidioksidi, na damu huelekea kuwa na asidi. Ubongo hugundua, pumzi huongezeka. Moyo, ambao wakati wa kupumzika husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, huweza kufikia 20 au zaidi. Insulini hupungua, glukagoni na adrenalini huongezeka, na ini hufungua akiba yake ya sukari ili damu isipungukiwe.

Kazi hii haiishi mzigo ukishatuliwa. Msukumaji akisimama ghafla, misuli ya miguu huacha kusaidia damu kurudi moyoni. Damu hukaa chini, naye aweza kupata kizunguzungu, hata kuanguka. Afadhali atembee polepole dakika chache. Pumzi hubaki juu kwa muda, kwa kuwa mwili unarudisha akiba zilizotumika. Lakteti huondoka kwenye damu baada ya saa moja hivi. Kwa hiyo si yenyewe inayoleta maumivu ya kesho yake, bali majeraha madogo mno katika nyuzi za misuli.

Figo nazo hubana maji, na kiu humwita mtu anywe. Lakini anayekunywa maji matupu kupita kiasi, baada ya kutoka jasho kwa saa nyingi, huipunguza nguvu chumvi ya damu, na hilo laweza kuua. Anywe kadiri ya kiu, ale na chakula chenye chumvi.

Basi anayeifasiri homeostasisi kwa "utulivu wa mwili" anatupotosha. Hakuna kilichotulia hapo. "Msawazo" unafaa zaidi, kwa sababu kitenzi "kusawazisha" kimo ndani yake: kuna kazi inayofanywa, na ikikoma, mtu hufa.