Akiba ya petroli isipotelee kwenye gia: Maisha marefu na gari dogo Kisumu

KILA tarehe 14 ya mwezi, wenye magari jijini Kisumu huwa na jambo moja la kusubiri: tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kuhusu bei ya mafuta itakayotumika kuanzia siku inayofuata. Tangu Septemba 2023, lita moja ya petroli ilipovuka Sh200 kwa mara ya kwanza nchini, hata wale waliokuwa wakiyadharau magari madogo wameanza kuyatazama kwa jicho jingine.

Anayefika katika ufuo wa Dunga Jumapili adhuhuri, wakati watu wanapomiminika kula samaki, atayaona yameegeshwa yakielekezewa ziwa: Toyota Vitz, Mazda Demio, Nissan March, Suzuki Swift, na hususan Honda Fit. Ni magari yenye matumizi madogo ya mafuta, rahisi kuegesha, na mengine kati yake yanampa dereva raha ambayo hakuitarajia alipoyanunua.

Hata hivyo, kununua gari kama hilo ni jambo moja. Kukaa nalo miaka kumi au zaidi ni jambo jingine. Mwandishi wa makala haya amekuwa na Honda Fit ya 2004 tangu 2011, na makosa aliyoyafanya nayo ndiyo yanayompa ujasiri wa kueleza yafuatayo.

Fit ilizinduliwa nchini Japani Juni 2001. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa wingi kuliko gari jingine lolote nchini humo, na kuiondoa Toyota Corolla kwenye nafasi iliyokuwa imeishikilia kwa miaka 33. Kutokana na kanuni ya Kenya inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, magari ya kizazi hicho cha kwanza, yaliyoundwa hadi 2007, yalikoma kuingia nchini kitambo. Yaliyopo barabarani ndiyo hayo hayo yanayopita mkono hadi mkono.

Siri ya umbo lake ni tangi la mafuta. Katika magari mengi tangi hukaa chini ya kiti cha nyuma. Wahandisi wa Honda walilihamishia chini ya viti vya mbele. Kwa hivyo viti vya nyuma hulala chini kabisa na kuacha uwanja tambarare. Mchuuzi wa samaki wa Dunga anaweza kupakia humo makasha ya ngege na mbuta ambayo kwa kutazama gari kwa nje usingedhani yangeingia. Kwa kuwa gari lenyewe lina uzani wa takriban tani moja tu, hukata kona kwa wepesi na injini ya sisi 1,300 hailemewi.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo, yaani gia.

Gari la kawaida la otomatiki huwa na gia kadhaa zenye meno, na hupanda kutoka moja hadi nyingine. Fit nyingi za kizazi cha kwanza hazina gia za namna hiyo. Ndani mna puli mbili na mkanda wa chuma unaozizunguka. Pande za kila puli husogeleana au huachana, mkanda ukapanda au kushuka, na uwiano baina ya mzunguko wa injini na wa magurudumu ukabadilika bila hatua wala mshtuko. Injini hubaki katika kasi inayoifaa zaidi, na hapo ndipo petroli inapookolewa. Tena, gari hilo huondoka mahali liliposimama kwa kutumia klachi ya kuanzia iliyozama ndani ya oili ile ile ya gia.

Oili hiyo, basi, ina kazi mbili zinazopingana. Inatakiwa kulainisha vyuma visisagane, na wakati huo huo iuache mkanda na klachi vishike bila kuteleza. Oili ya kawaida ya magari ya otomatiki haikuundwa kwa kazi hiyo ya pili. Ndiyo maana Honda ilitengeneza oili yake maalum, HMMF, kwa ajili ya gia hizi.

Mnamo 2014, mwandishi huyu alilipeleka gari katika gereji moja ya Kisumu kabla ya safari ya Nairobi. Fundi, kwa nia njema kabisa, alimwaga oili ya zamani na kutia ile aliyokuwa nayo kwenye pipa. Kwake yeye otomatiki ni otomatiki. Safari ilikwenda salama. Baada ya kiasi cha miezi miwili gari likaanza kutetemeka kila lilipoondoka kwenye mzunguko wa barabara, na siku moja, likipanda kutoka Awasi kuelekea Kericho, lilitikisika kama mgonjwa wa malaria. Wakati mwingine tatizo hilo huisha kwa kusafisha gia kwa oili sahihi mara mbili au tatu na kuipima upya klachi ya kuanzia. Safari hii halikuisha. Gia iliyotumika ilinunuliwa Nairobi, na pamoja na malipo ya fundi gharama ilizidi Sh60,000. Fedha hizo zilikuwa karo ya muhula wa tatu.

Linganisha kiasi hicho na akiba ya petroli. Tuseme familia inasafiri kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari dogo likienda kilomita 15 kwa lita litahitaji lita 800. Gari kubwa zaidi la kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 1,200. Tofauti ni lita 400, na iwapo lita moja ni Sh180, akiba ni Sh72,000. Kosa la oili ambayo bei yake haifiki sehemu ya kumi ya fedha hizo lilimeza karibu akiba yote ya mwaka. (Msomaji asidanganywe na takwimu ya kilomita 23 kwa lita iliyotangazwa Japani. Ilipatikana kwa vipimo vya maabara. Mjini Kisumu gari la mwandishi huenda 15, na 17 kwenye barabara kuu dereva akiwa mtulivu.)

Mafundi waangalifu hubadilisha oili ya gia kila kilomita 40,000. Mwenye gari anayenunua oili mwenyewe, akaja nayo mkononi na kusimama hapo ikitiwa, hatakuwa anamtukana fundi. Atakuwa ameondoa shaka.

Jambo la pili ni plagi. Injini ya sisi 1,300 ya kizazi hicho ina silinda nne lakini plagi nane, mbili kwa kila silinda, ili mafuta yateketee kikamilifu. Nne za mbele zinafikika kwa urahisi. Nne za nyuma zimejificha upande wa kioo cha mbele, na fundi mwenye haraka huziacha kama zilivyotoka Japani. Matokeo yake gari hukosa nguvu na kula petroli, na mwenyewe akaambiwa injini imechoka. Ukinunua gari la mitumba la aina hii, uliza habari za plagi za nyuma kabla ya kuuliza habari za redio. Injini yenyewe inatumia mnyororo badala ya mkanda wa mpira, kwa hivyo gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya muda haipo, maadamu oili ya injini haipungui wala haicheleweshwi.

Mazingira ya Dunga nayo yana yake. Ziwa Victoria ni la maji baridi, hivyo wakazi wa hapa hawana kutu ya chumvi inayowasumbua wenzao wa Mombasa. Lakini samaki wa barafu hutiririsha maji, na maji hayo hupenya chini ya zulia la buti, kwenye shimo la gurudumu la akiba, yakakaa humo wiki nzima. Bati huliwa kimyakimya hadi siku gurudumu litakapoagana na sakafu. Turubai zito na kasha lisilovuja vinatosha. Zulia liinuliwe na kuanikwa kila baada ya mzigo. Harufu ni kesi nyingine, na mwandishi huyu hajaishinda.

Kisha kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, wanaozuka kwa makundi kama moshi juu ya maji. Hunasa katika matundu ya rejeta na kuzuia hewa. Kwa joto la Kisumu, na gari likipanda kutoka ziwani, palipo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, hadi Kericho iliyo karibu mita 2,000, rejeta iliyozibwa nusu inaweza kuiua injini. Maji ya mfereji yanyunyizwe polepole. Mkondo wenye nguvu nyingi hupinda yale mabati membamba.

Mnamo 2020 maji ya ziwa yalipopanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, sehemu za ufuo huu zilifunikwa. Tumbo la Fit liko takribani sentimita 15 tu kutoka ardhini. Dereva akikuta maji asiyoyajua kina chake, arudi. Injini ikivuta maji, hakuna oili maalum itakayoiokoa.

Wapo wanaouliza kama si bora kuliuza gari la miaka ishirini na kuchukua jipya zaidi. Miaka ya nyuma jibu lingekuwa rahisi. Tangu Julai 2023, hata hivyo, ushuru wa forodha kwa magari yanayoingizwa nchini ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Mwenye gari zima ambalo mkopo wake wa Sacco ulimalizika zamani anapaswa kupiga hesabu hizo kwa kalamu, si kwa macho.

Anayeamua kubadilisha, akavutiwa na Fit ya kizazi cha tatu iliyozinduliwa Septemba 2013, atazame vizuri kama ni ya petroli tupu au haibridi. Haibridi hiyo haina mkanda wa chuma. Ina gia saba na klachi mbili, na katika mwaka wake wa kwanza sokoni Honda iliirudisha gereji mara kadhaa nchini Japani kurekebisha programu inayoongoza gia hizo. Muuzaji aombwe ithibati kwamba marekebisho hayo yalifanyika, na betri kubwa ipimwe na fundi mwenye kifaa cha kazi hiyo kabla ya fedha kubadilisha mikono.