Nani Aliamua Darasa la Saba?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na yule wa nyuma avae sweta lake, maana baridi ya Mbeya mwezi wa Juni haina mzaha. Leo siwasimulii habari za sungura na fisi. Nawasimulia habari za shule, hii hii mnayoikimbilia kila asubuhi hapa Ilomba, mkono mmoja fagio la chelewa, mkono wa pili kidumu cha maji. Nimemsikia mmoja wenu akimwambia mwenzake kwamba shule ya msingi huishia darasa la saba kwa sababu ndivyo ilivyo. Sivyo, mjukuu wangu. Kila jambo la shule liliamuliwa na watu, na wenzetu wa nchi nyingine wakaamua vingine.

Tuanze na jirani. Panda gari la Kyela, pinda pale Uyole, pita Tukuyu, shuka mpaka Kasumulu kwenye Mto Songwe. Ng'ambo ya mto ni Malawi. Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku ni ndugu, na lugha zao zimekaribiana hata bibi wa huku na bibi wa kule wanapiga soga bila mkalimani. Lakini wajukuu zao hawasomi sawa. Wa huku anafungua mwaka Januari, wa kule Septemba. Wa huku akimaliza darasa la saba anangoja matokeo ya kwenda sekondari. Wa kule bado ana mwaka mwingine, kwa kuwa shule ya msingi ya Malawi ni miaka minane. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi mwishoni mwa karne ya 19 waliufanya mto huo kuwa mpaka, na tangu hapo watoto wa ukoo mmoja wakapata shule mbili.

Kabla ya shule hizo watoto wetu hawakukaa bure. Kwa Wanyakyusa, wavulana wa rika moja walichunga ng'ombe pamoja, na walipofikia kama miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi wao, wakajijengea vibanda pembeni, wakalala huko. Chakula walikula kwa mama bado, ila si kila mmoja kwa mama yake. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Rika likakua, vijana wakaoa, na vile vibanda vikawa kijiji kamili. Monica Wilson, mtaalamu kutoka Afrika Kusini aliyeishi Rungwe miaka ya 1930, aliyaandika hayo kwa kirefu. Mvulana alijifunza kwa wenzake kugawana, kusuluhisha ugomvi na kukaa na watu. Mchoyo alijulikana mapema. Wasichana walifundishwa na mama na bibi zao, nyumbani na shambani. Hiyo ilikuwa elimu, ingawa haikuwa na daftari.

Daftari lilikuja na wamisionari. Mwaka 1891 Wamoravian kutoka Ujerumani walifungua kituo chini ya Mlima Rungwe, na shule zikafuata. Wengi wenu mnasali Moravian, basi tegeni sikio. Zaidi ya miaka mia mbili kabla ya hapo, kanisa hilo lilikuwa na askofu aliyeitwa Jan Amos Comenius, mzaliwa wa mwaka 1592 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Vita vya dini vilimfukuza kwao, akaishi uhamishoni mpaka kufa. Huko uhamishoni aliwawaza sana watoto. Alisema wafundishwe wote, wa kike na wa kiume, wa tajiri na wa maskini, tena wafundishwe kwa kuonyeshwa vitu, si kwa kukaririshwa maneno wasiyoyaelewa. Mwaka 1658 kilichapwa kitabu chake cha picha cha watoto katika mji wa Nuremberg. Kwenye kurasa za herufi kuna wanyama na ndege: A ina kunguru na mlio wake, B ina mwanakondoo anayelia bee. Mtoto anaangalia picha, anaiga mlio, na herufi imeshaingia kichwani. Mwalimu wenu wa darasa la kwanza anapochora mbuzi ubaoni kabla ya kuandika neno, anaifuata njia ya mzee huyo. Inanisikitisha kwamba katika shule zetu nyingi fimbo ilitangulia kufika kuliko picha.

Sasa twende Malangali, huko Mufindi, mkoani Iringa. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule pale, na msimamizi wake, W. B. Mumford, alikuwa na wazo lake. Aliona kwamba shule za kizungu zinamng'oa mtoto kwao na kumfundisha kuwadharau wazee wake. Akataka Malangali ifuate desturi za watu wa pale, Wahehe na majirani zao. Wanafunzi wakavaa mavazi ya asili. Wazee wakaitwa shuleni kufundisha historia na mila. Ngoma zikapewa nafasi, mikuki ikatupwa kwa mashindano, ng'ombe wakafugwa.

Nikifikiria habari hizo moyo wangu hugawanyika. Kumpa mzee wa kijiji heshima ya ualimu ni jambo jema, na ninatamani lingefanyika leo hapa Ilomba, ambako wapo wazee wanaokumbuka mji huu ukiwa mashamba. Lakini aliyechagua mila ipi ifundishwe na ipi iachwe alikuwa Mwingereza. Na wakati ule, aliyejua kusoma barua na kusema Kiingereza ndiye aliyepata ukarani, ndiye aliyeweza kujibizana na bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Mzazi aliyemtoa mwanawe kwenye ng'ombe akampeleka shule alitaka apate hayo. Mkuki alikuwa nao nyumbani. Jaribio lile halikudumu, Malangali ikawa shule kama nyingine, na leo ni sekondari.

Haya, lile darasa la saba. Enzi za mkoloni mtoto alisoma miaka minne, kisha mtihani ukawachuja wengi. Wachache waliopita waliendelea na shule ya kati mpaka darasa la nane. Ndiyo maana mzee wa miaka themanini na kitu akikwambia aliishia darasa la nane, usidhani amechanganya mambo. Lilikuwepo. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, likaondolewa, yakabaki madarasa saba. Kisha Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu kweli, na alikuwa amesoma Edinburgh, Uskoti, kwa hiyo shule za wakoloni alizijua ndani na nje. Alisema shule tulizorithi ziliandaliwa kwa ajili ya wachache watakaopanda juu, ilhali watoto walio wengi wanabaki kijijini, na kilimo wanafundishwa kukiona ni adhabu. Akataka kila shule iwe na shamba lake. Jembe mnalobeba siku ya kazi za mikono lilitoka humo. Mimi naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote, ila nasema wazi: shamba la shule ni somo pale mwalimu anapoeleza kwa nini mahindi yamekuwa ya njano. Akiwapa watoto majembe akaondoka, hapo hakuna somo.

Wakenya walikuwa na miaka saba kama sisi. Mwaka 1985 wakaongeza wa nane, nao wakitaka watoto wajue kazi za mikono. Sasa wamegeuza tena: darasa la mwisho la mfumo ule lilifanya mtihani wake mwaka 2023, na watoto wa leo wanasoma miaka sita ya msingi kisha mitatu ya sekondari ya chini.

Na ada je? Zanzibar ilitangaza elimu bure mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi. Malawi ikafuta ada ya shule ya msingi 1994, Uganda 1997, Tanzania Bara 2002, Kenya 2003, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2019. Zambia, hapo ng'ambo ya Tunduma, ilifuta ada za shule za serikali mpaka mwisho wa sekondari mwaka 2022, na mwaka huo huo sisi tukafikisha kidato cha sita. Kila ilipofutwa, watoto walimiminika na madarasa yakafurika. Hata wazee walikuja. Mjini Eldoret, Kenya, Januari 2004, Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Alikuwa amepigana katika vita vya Mau Mau dhidi ya mkoloni, na alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Alivaa kaptula ya sare na soksi ndefu, akakaa dawati moja na watoto wa rika la wajukuu zake. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuwaomba viongozi wa dunia wawasomeshe watoto bure. Alifariki 2009.

Mbali zaidi nitapita haraka. Ufini, mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba, na mtihani wa taifa anakutana nao mwishoni mwa sekondari ya juu. Chakula cha mchana shuleni ni bure kwa kila mtoto, kwa sheria iliyopitishwa 1943, nchi hiyo ikiwa vitani na maskini. Nakitamani hicho kuliko vyote, kwa sababu nimewaona watoto wakisinzia saa saba mchana kwa njaa. Japani, wanafunzi hufagia na kupiga deki madarasa yao wenyewe, hivyo ukishika fagio lako kesho usijione mnyonge. Mtoto wa Tokyo naye analo.

Sasa zamu imefika kwenu. Sera ya elimu ya Tanzania, toleo la 2023, imeamua shule ya msingi iwe miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza: kwa mpango huo watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wale watakaomaliza la saba, na wote wataingia kidato cha kwanza mwaka 2028. Madawati yatatosha? Walimu je? Hayo ninyi mtayaona kwa macho yenu. Chukueni daftari moja, andikeni kila muhula mnavyosoma, mlivyokaa wangapi darasani, mlikula nini mchana, na nani aliwafundisha vizuri. Watakaoamua tena habari za shule watayahitaji hayo, na huenda waamuzi hao mkawa ninyi.