Goti jipya: Jihadhari na mto, usiogope tembe

UPASUAJI wa kubadilisha goti huchukua muda wa saa moja hadi mbili hivi. Lakini kazi ya kulifanya goti hilo likunje na kunyooka vyema huchukua miezi kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani, ambako hakuna daktari wala muuguzi wa kuulizwa swali saa nane za usiku.

Wakazi wa Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha ambao magoti yao yameharibiwa na baridi yabisi hufanyiwa upasuaji huu katika hospitali za hapa Nakuru, ama hutumwa Kijabe, Nairobi au Eldoret. Gharama yake ni kubwa, na familia nyingi huilipa kwa kuunganisha bima, akiba na mchango wa jamaa. Baada ya siku chache mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na magongo, mfuko wa dawa na karatasi ya mazoezi. Wiki moja au mbili baadaye wengi hufika kwetu sisi madaktari wa kawaida na malalamiko mawili: goti linauma na usingizi hauji.

Malalamiko hayo mawili yanapaswa kutibiwa pamoja. Asiyelala usiku huhisi maumivu zaidi mchana, kwa sababu ukosefu wa usingizi huufanya ubongo na neva kuhisi uchungu kwa urahisi. Mwenye maumivu mengi mchana hukwepa mazoezi. Na asiyefanya mazoezi, makovu hujijenga ndani ya goti na kulikaza. Hivyo ndivyo goti lililogharimu fedha nyingi linavyoweza kuwa gumu kama mti.

Kwa nini huuma?

Katika upasuaji huu, daktari wa mifupa huondoa ncha zilizochakaa za mfupa wa paja na wa muundi, kisha huweka mahali pake vipande vya chuma vyenye plastiki ngumu katikati. Goti bandia la namna hii lilianza kuenea duniani katika miaka ya 1970. Mfupa mbovu huwa umeondolewa, lakini ngozi, misuli na utando unaozunguka goti huwa vimekatwa, na ni lazima vipone.

Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kudhani mambo ni rahisi kwa kuwa ganzi bado inafanya kazi. Ganzi inapoisha, mara nyingi katika muda wa siku moja, maumivu huja kwa kishindo. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi. Baada ya hapo maumivu hupungua pole pole, ingawa uvimbe unaweza kuendelea kwa wiki nyingi, na weusi wa damu iliyovilia unaweza kushuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Wengi hupata nafuu kubwa kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 3, na goti huendelea kuimarika hadi mwaka mmoja.

Katika kipindi hicho kuna jambo lisiloweza kungoja. Ili kutembea mahali tambarare, goti linahitaji kukunja kwa takriban digrii 70. Kupanda ngazi au kuinuka kitini huhitaji digrii 90 au zaidi, yaani pembe kama ya kona ya meza. Wiki 6 za mwanzo ndizo zenye faida kubwa zaidi katika kuupata mkunjo huo. Goti likikataa kufika huko, huenda daktari akalazimika kumtia mgonjwa ganzi tena ili alikunje kwa nguvu.

Tembe ni sehemu ya mazoezi

Wazee wengi wa eneo hili wamelelewa kuamini kwamba kuvumilia uchungu ni ujasiri. Wengine huogopa kwamba dawa zitawazoea au zitaharibu maini. Kwa hivyo huweka tembe kabatini na kungoja mpaka maumivu yawashinde, kwa kawaida usiku wa manane. Wakati huo tembe huwa na kazi kubwa ya kuyarudisha nyuma, na usiku huwa umekwisha kuharibika.

Katika wiki mbili au tatu za kwanza, dawa za maumivu hunywewa kwa saa, hata kama wakati huo goti halijaanza kulia. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na maini yenye afya, parasetamoli hutolewa gramu moja, yaani tembe mbili za miligramu 500, kila baada ya saa sita. Ratiba iliyo rahisi kukumbuka ni saa nne na saa kumi, mchana na usiku. Tembe za saa nne za usiku humsaidia mgonjwa kupata usingizi, na zile za saa kumi alfajiri huwekwa kando ya kitanda pamoja na maji. Zisizidi tembe nane kwa siku moja. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli pia, kwa hivyo usizichanganye. Tena, tembe zilizoongezwa kafeini, kama vile Panadol Extra, hazifai wakati wa kulala kwa sababu kafeini hufukuza usingizi.

Kundi la pili ni dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni na diklofenaki. Hizi husaidia sana, lakini zinataka hadhari. Hunywewa baada ya chakula, na hazimfai mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo au moyo uliodhoofika. Mwenye kunywa dawa za shinikizo la damu amwulize daktari kwanza, kwa maana mchanganyiko huo unaweza kuumiza figo. Wapo wagonjwa ambao hunywa diklofenaki waliyopewa hospitalini, kisha maumivu yakizidi huenda kwenye duka la dawa kudungwa "sindano ya maumivu". Mara nyingi sindano hiyo ni diklofenaki ile ile. Huko ni kunywa dawa maradufu. Na kwa kuwa mgonjwa wa goti huwa pia anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, sindano ya msuli inaweza kumfanya avuje damu ndani ya nyama.

Kundi la tatu ni dawa kali kama tramadoli na mofini. Hofu ya kuzoea dawa hizi ina msingi, na ndiyo sababu daktari huzitoa kwa siku chache au wiki chache tu. Zikitumiwa kwa kipimo na muda ulioagizwa, hatari hiyo ni ndogo. Huleta kichefuchefu, kizunguzungu na kufunga choo, kwa hivyo kunywa maji mengi na ule mboga na matunda. Dawa kali ndizo za kwanza kupunguzwa maumivu yanapotulia, na parasetamoli huwa ya mwisho kuachwa.

Njia bora ya kuitumia dawa ya mchana ni kuinywa nusu saa au zaidi kabla ya mazoezi. Lengo ni kuyapunguza maumivu kiasi cha kumwezesha mgonjwa kukunja goti, kutembea na kulala. Asitarajie yaishe kabisa.

Mto unaodanganya

Goti lililovimba hupenda kukaa limekunjwa kidogo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa akiwekewa mto chini ya goti husikia raha mara moja na kulala. Watoto na wajukuu humwekea kwa upendo. Lakini akilala hivyo usiku baada ya usiku, misuli na utando wa nyuma ya goti hufupika, na goti hushindwa kunyooka. Mtu wa namna hiyo huchechemea hata baada ya maumivu kwisha.

Mto uwekwe chini ya kisigino au tumbo la mguu, ili goti lenyewe libaki hewani likijinyoosha. Hapo mwanzo itauma kidogo, nayo ni kazi nzuri inayofanyika. Anayependa kulala ubavu alalie upande usiopasuliwa, na aweke mto mnene katikati ya miguu kutoka magotini hadi vifundoni.

Baridi, joto na kukanda

Usiku wa Nakuru ni wa baridi, na wa Molo ni wa baridi zaidi. Si ajabu basi kwamba jambo la kwanza ambalo jamaa hufikiria ni kukanda goti kwa maji moto na chumvi. Katika wiki za mwanzo, joto huongeza uvimbe, na maji kwenye kidonda ambacho hakijafunga hukaribisha viini. Kinachofaa ni ubaridi: barafu au pakiti ya minji iliyogandishwa, ikizungushiwa kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku na hasa kabla ya kulala. Asiye na friji atumie kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, juu ya bendeji isiyopitisha maji. Mwili mwingine ufunikwe blanketi.

Tumbo la mguu lisikandwe kamwe. Ikiwa kuna donge la damu ndani ya mshipa, kukanda kunaweza kuling'oa likakimbilia mapafuni. Wala jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha mgonjwa usiku. Hewa yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini, na aliyekunywa dawa kali haamki upesi.

Kuutengeneza usiku

Mgonjwa asilale mchana kutwa. Usingizi wa nusu saa baada ya chakula cha mchana unatosha. Asubuhi atoke nje aote jua, kwani mwanga wa asubuhi huusaidia mwili kujua saa za kulala. Chai na kahawa vikomee saa kumi za jioni. Mazoezi ya mwisho ya siku yafanywe saa mbili au zaidi kabla ya kwenda kitandani.

Akiamka usiku na kukaa macho kwa dakika 20 hivi, asigaagae. Ainuke kwa magongo, atembee hatua chache chumbani, anyooshe na kukunja goti, kisha arudi kulala.

Jambo jingine ni choo. Choo cha shimo kilicho nje ni hatari kwa mtu mwenye magongo gizani, na goti jipya huwa haliwezi kuchutama. Kiti imara kilichotobolewa, chenye ndoo chini yake, kikiwekwa chumbani pamoja na tochi, kitazuia maporomoko mengi. Mikeka na nyaya zilizo njiani ziondolewe.

Pombe isitumiwe kama dawa ya usingizi. Vivyo hivyo tembe za usingizi kama Valium: zikikutana na tramadoli au mofini zinaweza kupunguza kupumua hadi mtu afe. Piriton, ambayo wengi hununua ili walale, huwachanganya wazee akili na inaweza kuwazuia kukojoa. Mtu anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini amweleze daktari hata kabla ya upasuaji.

Maumivu yasiyo ya kawaida

Maumivu ya kupona huongezeka baada ya mazoezi na kupungua kwa mapumziko, na wiki hii huwa afadhali kuliko iliyopita. Rudi hospitalini bila kungoja siku ya miadi ukiona dalili hizi:

- Maumivu yaliyokuwa yakipungua yanarudi kwa nguvu, pamoja na homa, wekundu unaoenea, au usaha na majimaji kutoka kwenye kidonda.
- Tumbo la mguu au paja linavimba na kuuma ukiligusa.
- Kifua kinakubana au unakosa pumzi ghafla, ama unakohoa damu. Hii ni dharura ya saa hiyo hiyo.
- Unapata choo cheusi kama lami, au mkojo unapungua sana ukiwa unatumia dawa za kupunguza uvimbe.
- Goti halijakunja kufikia digrii 90 ifikapo wiki ya 6.

Kidonda chenye shaka kionwe na daktari aliyefanya upasuaji. Kununua tembe za kuua viini dukani huficha ugonjwa huku ukiendelea kuchimba kwenye mfupa na chuma.

Ni kweli pia kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano huendelea kuwa na maumivu miezi mingi baada ya upasuaji. Mtu huyo asiambiwe kwamba ni uzee. Achunguzwe upya, maana huenda chanzo ni viini, kulegea kwa goti bandia, neva, au maumivu yanayotoka kwenye nyonga au mgongo.

Kwa wale ambao mzazi wao anangoja kupasuliwa, maswali yafaa kuulizwa kabla ya siku ya kuruhusiwa. Tembe ipi inywewe saa ngapi, na ikomeshwe lini? Ipi isichanganywe na dawa zake za shinikizo la damu au kisukari? Mazoezi ni mara ngapi kwa siku? Nambari gani ya simu ipigwe usiku? Andika majibu kwenye karatasi moja na uibandike ukutani karibu na kitanda, mahali ambapo yeyote atakayekesha na mgonjwa ataiona.