Moyo wa Maiti na Mpaka wa Mauti

Kwetu Mzinga, Morogoro, pumzi ikikatika na moyo ukasimama, tunamwandaa maiti. Figo ya kwanza kupandikizwa Muhimbili, mwaka 2017, ilitoka kwa mtu hai. Moyo hauwezi kutoka hivyo.

Majmaa ya Fiqhi, kikaoni Amman 1986, ilishurutisha madaktari wakate kuwa moyo na pumzi havitarudi, au kuwa ubongo wote umekufa. Tangu 2014, kuanzia Sydney, moyo uliosimama husubiriwa dakika chache, hutolewa, kisha huamshwa mashineni. Je, mwenyewe alikuwa amekufa? Tunaona ndiyo: moyo umerudi, yeye hakurudi.

Lakini kuurudisha mzunguko wa damu ndani ya mwili wake, mishipa ya kichwani ikifungwa makusudi, hatukuafiki. Kufunga huko ni kukiri shaka, na asili ni kubaki kwa uhai. Idhini ya marehemu au warithi, iliyoshurutishwa Jeddah 1988, haiondoi utata huu.