Ombwe, Umeme na Maziwa ya Mama: Namna ya Kuchagua Pampu ya Kukamulia

Mama anayenyonyesha na huku ameajiriwa hukabiliwa na hesabu ndogo ambayo jawabu lake si jepesi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa muda wa miezi sita ya mwanzo. Miezi sita ni majuma 26. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mzazi likizo ya siku 84, yaani majuma 12. Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya mwaka 2005, na huko nako likizo ni ya karibu miezi mitatu. Toa 12 katika 26: yanabaki majuma 14 ambayo mama anatakiwa awe kazini, na mtoto bado anatakiwa asionje kitu kingine chochote.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayekaa Mpendae, mjini Unguja, na kufundisha skuli iliyo mbali na nyumbani kwake. Hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa nane mchana. Mtoto hubaki na bibi yake. Jamaa walioko Maskati wameuliza kwa wema: je, wamletee pampu ya umeme ya kukamulia maziwa? Ziko za bei nafuu na za bei kubwa, za waya na za betri, za titi moja na za matiti mawili. Achague ipi?

Makala haya hayakusudii kusifu chapa ya kiwanda chochote. Yanakusudia kuonyesha kwamba swali hili, ambalo watu hulidhania kuwa la dukani tu, lina ndani yake fizikia na biolojia ya skuli zetu za sekondari, pamoja na funzo moja zito kuhusu umeme wa kisiwani.

Nani huyasukuma maziwa?

Watu husema kwamba pampu "huvuta" maziwa. Kwa lugha ya fizikia, hakuna kinachovutwa. Hewa inayotuzunguka ina uzito, nayo hukandamiza kila kitu kwa kanieneo ambayo, katika usawa wa bahari, huweza kuinua zebaki kiasi cha milimita 760. Pampu inapoondoa sehemu ya hewa iliyomo ndani ya faneli inayofunika chuchu, kanieneo ya humo hupungua, lakini ile inayoukandamiza mwili kutoka nje hubaki vile vile. Hapo maziwa husukumwa kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye kanieneo ndogo. Mtu anayekunywa dafu kwa mrija hufanya jambo hilo hilo.

Ndani ya pampu ya umeme mna mota ndogo inayokisukuma na kukirudisha kiwambo cha mpira. Kiwambo kikirudi nyuma, nafasi ya hewa hupanuka na kanieneo hushuka, kwa mujibu wa kanuni ya Boyle. Kikisogea mbele, kanieneo hurudi. Vali laini huruhusu maziwa yashuke chupani na kuzuia hewa isipande. Hiyo ndiyo mashine nzima. Tofauti ya bei hutokana zaidi na uimara wa mota, betri na namna ya kudhibiti mapigo.

Kutoka zizini hadi wodini

Fikra yenyewe si mpya. Mwaka 1854 Mmarekani Orwell H. Needham alipata hataza ya pampu ya kukamulia maziwa ya mama. Katika miaka ya 1920 Edward Lasker, mhandisi ambaye pia alikuwa bingwa wa mchezo wa sataranji, alitengeneza pampu ya mota. Tatizo la mashine za mwanzo lilikuwa ukali: zilifuata mno mfano wa mashine za kukamulia ng'ombe. Mashine hizo za zizini hutumia ombwe la kiasi cha milimita 300 hadi 375 za zebaki chini ya kanieneo ya hewa, na ngozi ya chuchu ya binadamu haistahimili hivyo.

Mhandisi wa Sweden, Einar Egnell, alilichunguza jambo hili kwa makini na mwaka 1956 akatoa matokeo yake. Alipendekeza kwamba ombwe lisizidi milimita 200, na kwamba lisiwe la mfululizo bali liachie na kushika kwa zamu. Pampu yake iliitwa kwa jina la muuguzi aliyeshirikiana naye, Dada Maja. Kiwango hicho cha milimita 200 kimekuwa kigezo kwa watengenezaji wengi wa pampu.

Mwili nao una sharti lake

Titi si mtungi wa kufunguliwa bomba. Maziwa hutengenezwa na kukaa katika vifuko vidogo vilivyozungukwa na nyuzi za misuli. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari ubongoni, na tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni mbili. Prolaktini huamrisha maziwa yatengenezwe. Oksitosini huikaza misuli ya vifuko ili maziwa yateremke. Ndiyo maana mama huweza kuhisi maziwa yakishuka kwa kusikia tu mtoto analia, hata akiwa mtoto wa jirani. Kinyume chake, maumivu, hofu na haraka huizuia oksitosini. Mama aliyejificha chooni, huku akihofia kugongewa mlango, hukamua kidogo hata akiwa na mashine ya thamani kubwa.

Mtoto mwenyewe anaijua kazi hii. Huanza kwa kunyonya haraka haraka, karibu mara mbili kwa sekunde, mpaka maziwa yateremke. Kisha hupunguza na kunyonya taratibu, karibu mara moja kwa sekunde. Pampu nzuri huiga mpango huo. Kwa hiyo iwe na vidhibiti viwili mbalimbali, kimoja cha mwendo wa mapigo na kingine cha nguvu ya ombwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia wameonyesha kwamba maziwa hupatikana kwa wingi mama anapotumia ombwe la juu kabisa ambalo bado halimuumizi. Akivuka hapo, maumivu huyazuia maziwa.

Jambo jingine ni kwamba titi lisilotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza. Mwalimu wetu akikaa saa saba bila kukamua, si kwamba anakosa maziwa ya siku ile tu. Anauambia mwili wake kwamba maziwa hayo hayahitajiki tena.

Kipimo cha faneli

Faneli nyingi huja na tundu la milimita 24, na watu hudhani kwamba kipimo kimoja huwafaa wote. Tufanye hesabu. Ombwe la milimita 200 za zebaki ni sawa na paskali 26,700 hivi. Tundu la milimita 24 lina eneo la sentimita mraba 4.5. Zidisha kanieneo kwa eneo: kani ni niutoni 12, sawa na uzito wa kilo moja na robo hivi. Ongeza tundu liwe la milimita 30, na kani hupanda hadi karibu niutoni 19, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Tundu likiwa kubwa mno, basi, huingiza ngozi nyingi na kuivimbisha. Likiwa dogo mno, huisugua chuchu. Mama apime kipenyo cha chuchu yake kwa rula na achague faneli inayokipita kidogo tu.

Volti, plagi na betri

Umeme wetu ni wa volti 230. Kifaa kilichotengenezwa kwa matumizi ya Marekani pekee ni cha volti 120. Kwa kuwa nguvu inayotumika katika ukinzani fulani hufuata mraba wa volti, kifaa hicho kikichomekwa ukutani Mpendae hupokea karibu mara 3.7 ya nguvu iliyokusudiwa, na huungua. Kabla ya kuchomeka, soma maandishi madogo yaliyo juu ya chaja. Pakiandikwa "100–240 V", hakuna hatari. Pakiandikwa "120 V" tu, pahitajika transfoma. Pampu zinazotoka Oman na Dubai hazina taabu hiyo, maana hata plagi zao za miguu mitatu ni kama zetu.

Kebo ilipokatika

Lakini swali kubwa zaidi ni hili: umeme wenyewe upo? Tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka Bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikatokea hitilafu nyingine, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013, na hali ikawa afadhali sana. Hata hivyo mtu wa Unguja haisahau miezi ile mitatu.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo. Alikuwa amerudi kutoka masomoni kuja kukusanya data za utafiti, akiwa na mtoto wa miezi minne na pampu ya umeme isiyokuwa na betri. Siku ya pili ya giza pampu ilikuwa pambo la mezani. Aliyemwokoa ni mama yake mkubwa, ambaye hakuwahi kusoma fizikia. Alimwambia, "Mwanangu, Mungu amekupa vidole kumi," kisha akamwonyesha: kidole gumba juu, cha shahada chini, nyuma kidogo ya duara jeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, na uzunguke titi lote. Juma moja lilipopita alikuwa akijaza kikombe kwa robo saa. Mkono hautumii ombwe hata kidogo. Huongeza kanieneo ya ndani badala ya kupunguza ya nje, na maziwa huyaona ni mamoja. Katika siku za mwanzo baada ya kujifungua, wakati wa dang'a, mkono mara nyingi huipita mashine, kwa sababu matone hayo mazito machache hupotelea kwenye kuta za faneli.

Usafi na hifadhi

Kukamua ni nusu ya kazi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne hivi kwenye joto lisilozidi digrii 25. Unguja, mwezi wa Februari, chumba hupita digrii 30, basi saa nne zisitegemewe. Maziwa yatiwe mara moja katika friji au katika sanduku la barafu, ambamo hukaa siku nzima. Katika friji ya digrii 4 hukaa siku nne, na katika friza miezi sita. Umeme ukikatika usiifungue friza: iliyojaa huhifadhi ubaridi kwa saa 48 hivi, iliyo nusu kwa saa 24.

Vyombo vinavyogusa maziwa vioshwe kwa sabuni kila baada ya kutumika, visuguliwe, kisha vichemshwe dakika tano. Mwaka 2016, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mtoto njiti aliugua homa ya uti wa mgongo kwa bakteria waitwao Cronobacter. Wachunguzi waliwakuta bakteria hao katika pampu ya nyumbani, ambayo vyombo vyake vilikuwa vikirowekwa kwa saa nyingi na kusuuzwa tu. Kwa sababu kama hiyo pampu ya mtumba isipokewe, isipokuwa iwe ya aina iliyozibwa kabisa ili maziwa yasifike kwenye mota, na faneli na mipira yake iwe mipya.

Chupa iandikwe jina na saa. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi ya usafi, kwani watoto walionyonya kwa mama mmoja huwa ndugu wa kunyonya, wasioweza kuoana. Ni kwa sababu hiyo Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1985, lilipinga kuanzishwa kwa benki za maziwa ya mama katika nchi za Kiislamu. Friji ya walimu yenye chupa mbili zisizo na majina inaweza kuleta mtihani wa maisha.

Basi mwalimu wetu afanye nini?

Mtoto wa umri huo hunywa kwa wastani mililita 750 hadi 800 kwa siku. Kwa saa saba na nusu anazokosekana mama, huhitaji kama robo lita. Kiasi hicho hakilazimishi mashine kubwa. Ajiulize yafuatayo, kwa mpangilio huu:

1. Je, mtoto anaweza kuletwa, au mama kwenda nyumbani? Sheria ya Bara inaruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wa Zanzibar amwulize mwajiri wake. Hakuna pampu impitayo mtoto.
2. Je, anajua kukamua kwa mkono? Ajifunze kabla likizo haijaisha, hata kama atanunua mashine.
3. Mapumziko yake ni ya muda gani? Titi moja huchukua kama dakika 15. Mwenye nusu saa atatosheka na pampu ya titi moja. Mwenye robo saa atafute ya mawili.
4. Je, ina betri, na volti zake ni 230?
5. Je, faneli na vali za akiba zitapatikana hapa, au zitangoje msafiri?

Maziwa hayo bibi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa ya chuchu.

Jaribio la darasani

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Vuta hewa mpaka mililita 10, ziba tundu kwa ncha ya kidole, kisha vuta pistoni mpaka 13.5. Kwa kanuni ya Boyle, 760 × 10 ÷ 13.5 ni 563. Kanieneo imeshuka karibu milimita 200. Hilo unalolihisi kidoleni ndilo ombwe la mwisho la Egnell. Wanafunzi, wavulana na wasichana, walihisi kila mmoja kwa zamu, kisha wajadiliane: je, skuli yetu ina chumba chenye mlango unaofungika, ambamo mwalimu anayenyonyesha anaweza kukaa robo saa bila hofu?